Kizingiti

Baba yangu, Arshavir, alichonga mawe miaka arobaini
katika kijiji kilichoning'inia begani mwa mlima Aragats,
ambako theluji hukaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Mikono yake ilikuwa na vumbi la waridi
hata siku ya Pasaka, hata ndani ya mkate.

Aliwachongea wengine majina yao:
meneja wa ghala, herufi nene;
mjane Satenik, aliyelipa kwa jibini;
na yule tajiri aliyerudi kutoka Marsei
akitaka jina lake juu ya mlango wa kanisa,
lisomeke, alisema, hata na ndege.
Baba alilichonga. Usiku, mezani, akacheka:
"Mimi sitaki juu.
Nikifa nizikeni chini ya kizingiti
kama walivyolala wakuu wa zamani,
wanikanyage wote waingiao kusali."

Alilisema harusini. Alilisema matangani.
Alilisema kwenye foleni ya mafuta ya taa
ule mwaka umeme ulipotukimbia.
Watu wakatikisa vichwa: Arshavir, mnyenyekevu wa kweli!
Naye alilipokea neno hilo
kama mtu apokeavyo chenji, akiihesabu.

Jiwe alilichagua mwenyewe.
Alilisugua majira mawili ya baridi, kando ya jiko,
Mama akiliruka kila alipoleta chai.
Jina hakuliandika.
"Watauliza, ni nani huyu asiye na jina?
Na hakutakosekana wa kuwaambia."

Alhamisi kabla ya Pasaka akaja Padri Ghevond,
buti moja la kijani, moja jeusi,
mikono ya joho ingali imelowa:
alikuwa ametoka kuosha miguu ya wavulana kumi na wawili
na kuipaka siagi iliyobarikiwa.
Akapitisha kiganja juu ya jiwe.
"Limelainika," akasema. Akakohoa kwa muda mrefu.
"Lakini Arshavir, pale mlangoni,
kila aingiaye atakutana na wewe kwanza.

Bwana aliposhika beseni
hakuangalia nani anamwangalia.
Aliangalia miguu.

Nafasi ipo upande wa kaskazini, ukutani, penye upupu,
kati ya Hmayak wa trekta, yule mlevi,
na kichanga cha Satenik, kilichokufa bila ubatizo.
Hapo hapiti mtu.
Mbuzi tu, siku lango likisahauliwa."

Baba hakumjibu. Hata chai hakumkaribisha,
jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kutokea.
Siku tatu nilisikia nyundo bandani,
nikadhani anaipiga hasira yake.
Jumapili alitoka, amenyoa, kimya,
akala yai jekundu kama sisi wengine.
Habari ya kizingiti haikusikika tena.

Miaka tisa baadaye tulifyeka upupu
ili tumchimbie kaburi mahali alipotuelekeza.
Mundu ukagonga jiwe.
Msalaba, mdogo kama kitabu cha sala,
umesimama kichwani pa kile kichanga,
mzabibu umechongwa pembeni, jani kwa jani.
Nilizijua kona zile. Mkono ule niliujua.
Satenik naye alikuwepo, amejifunga shali ya msibani;
alipiga magoti kwenye matope
akawa anauliza, anauliza, ni nani,
nasi sote tukatazama sanduku.

Jiwe la kizingiti Mama aliligeuza
la kukandamizia jibini. Linafaa sana.

Na mimi, Nvard, niandikaye haya,
nimejikuta mara mbili leo nikimtafuta msomaji
atakayesema: tazama, binti wa Arshavir,
kamrithi babake kwa unyenyekevu.
Mara mbili. Na bado ni asubuhi.
Basi kalamu naiweka chini.
Jibini linataka kugeuzwa.